Rasam: ukwaju, nyanya au ndimu?

JikoLaNyuma
Wakuu, salaam. Mwaka jana nilimpeleka mama Chennai kwa matibabu, tukakaa wiki tano. Chakula kilimshinda kabisa, akionja tu anasukuma sahani. Kitu pekee alichokuwa anamaliza ni kile kimchuzi chepesi cha rangi ya kahawia, kina uchachu na kinawasha koo, wanakiita rasam. Wengine wanamwagia wali, yeye alikuwa anakinywa kwenye bilauri kama chai. Sasa tumesharudi Morogoro na kila siku ananidai.

Wiki hii nimejaribu mara tatu. Jumatatu niliweka ukwaju na mbaazi zilizokobolewa (kwenye maduka ya Wahindi ulizia tuvar). Harufu ilikuwa yenyewe, ila mchuzi ukatoka mzito na ukwaju ukawa kama mbichi. Jumatano nyanya tupu, nne, nikazisaga. Mama akasema, "Hii supu ya nyanya, usinidanganye." Ijumaa nikaweka ndimu, nikaacha ichemke vizuri, ikatoka chungu. Ipi ndiyo rasam ya kweli? Na ule unga wa paketi unasaidia, au ni kutupa hela?

Upanga1
Kwani huo si urojo tu jamani?

mtoto_wa_Muscat
@Upanga1 hapana ndugu yangu. Urojo una unga, una embe, unashika kijiko. Rasam ukiimwaga kwenye wali inakimbia mpaka ukingo wa sahani. Hapa Muscat Wakerala ni wengi, na sikukuu yao ya Onam ikifika hutandika chakula kwenye jani la mgomba. Mara ya kwanza kualikwa nilipambana na rasam kwa vidole mpaka ikaniloanisha kanzu.

SikuZaBengaluru
JikoLaNyuma, pole kwa kuuguza. Nilisoma Bengaluru miaka minne, na mama mwenye nyumba wetu alikuwa Mtamil aliyepika rasam kila siku ya Mungu. Zote tatu ni za kweli. Ya ukwaju wanaiita puli rasam, ya nyanya thakkali rasam, ya ndimu elumichai rasam. Ukienda kwa Wakannada utasikia saaru, kwa Watelugu chaaru. Kwa hiyo tatizo lako si kiungo cha uchachu, ni moto.

Ukwaju chukua donge kama ndimu ndogo, loweka kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu robo saa, kamua, chuja. Maji hayo yachemshe PEKE YAKE na manjano robo kijiko cha chai, chumvi, na nyanya moja iliyopondwa, kama dakika kumi. Sogeza pua. Ile harufu ya ubichi ikishaondoka ndipo unaendelea. Wewe nadhani ulitia kila kitu kwa pamoja.

Halafu kwenye kinu twanga pilipili manga kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja, na punje nne za kitunguu saumu. Usisage laini, ponda tu. Tia. Mbaazi zilizochemshwa zikavurugika, vijiko vitatu vya chakula vinatosha, zikoroge kwenye vikombe viwili vya maji ndipo umimine. Hapo punguza moto, simama karibu. Povu likianza kupanda pembeni ya sufuria, epua. Ukiiacha ichemke kwa fujo, viungo vinapoteza harufu na rasam inakuwa mchuzi wa kawaida.

Mwisho unaungia: samli kijiko kimoja, haradali mpaka ziruke, pilipili kavu moja, mvuje chembe, majani ya mchuzi. Mimina juu, funika upesi.

Ya ndimu inafuata njia hiyo hiyo bila ukwaju, ila ndimu unakamulia baada ya kuepua. Ukiichemsha, uchungu huo ndio malipo yake. Ya nyanya tupu mimi siipendi, namuunga mkono mama. Tia japo kipande kidogo cha ukwaju.

Nyongeza kwa wapenda vyombo: yule mama alikuwa na chungu cha bati tupu, eeya chombu, alichorithi kwa mamake. Anasema rasam ya humo ina ladha yake. Bati linayeyuka kwenye nyuzi 232 hivi, kwa hiyo hakukiweka motoni bila maji hata siku moja. Mwenzangu wa chumba alijaribu. Tulilala njaa, na aibu juu.

MamaWawili
Mimi ni mtu wa paketi na sioni haya 😂 Natoka kazini saa kumi na mbili, nina watoto wawili wanalia njaa, nitwange saa ngapi? Paketi nyingi zina dania kwa wingi, pilipili kavu, bizari nyembamba na pilipili manga. Vijiko viwili vya chai kwenye maji ya ukwaju na nyanya, mbaazi siweki kabisa, dakika kumi na tano tunakula. Ila nunua paketi ndogo. Ikikaa miezi kabatini inanuka vumbi. Na hata nikitumia paketi, pilipili manga naiponda mbichi juu yake, hapo Siku yuko sahihi.

Mvuje sasa! Siku ya kwanza nimeutia kwenye samli, mama mkwe akatoka chumbani mbio: "Nani kapandisha?" Kwao mvuje ni wa kufukizia mashetani tu. Tia chembe kweli kweli.

SikuZaBengaluru
😂😂 Na wasiokula ngano wasome kopo. Mvuje wa unga (hing) mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano.

mtoto_wa_Muscat
Mimi nasimama na ukwaju. Jina lenyewe kwa Waingereza limetoka kwenye Kiarabu, tamr hindi, tende ya India, na mti wenyewe asili yake ni Afrika! Wahindi wanatupikia mali yetu. Mbaazi nazo ni hivyo hivyo, unanunua paketi iliyofungwa India wakati huenda zimelimwa Mtwara.

Angalia tu usinunue ile rojo nyeusi ya ukwaju ya chupa ukaipima kama ukwaju wa kukamua. Nusu kijiko cha chai inatosha. Niliwahi kutia vijiko viwili, meno yakakataa kazi.

Upanga1
Nimejaribu ya ndimu jana usiku, nina mafua. Nafuta kauli ya urojo. Pua imefunguka mpaka nikasikia harufu ya jirani anakaanga samaki.

SikuZaBengaluru
Kwa mafua ongeza pilipili manga, punguza mbaazi. Hiyo ni milagu rasam. Maji ya pilipili manga kwa Kitamil ni milagu thanni, ndiyo Waingereza wakatengeneza mulligatawny yao, wakaijaza nyama.

MamaWawili
@JikoLaNyuma kama mama ana vidonda vya tumbo mpigie daktari wake kwanza. Ukwaju na pilipili manga si mchezo.

JikoLaNyuma
Asante, nimeshauliza, ameruhusiwa kidogo kidogo. Jana nimefuata ya Siku hatua kwa hatua: ukwaju peke yake, kinu, povu, epua. Mama akanywa bilauri ya kwanza kimya. Ya pili akasema, "Imekaribia." Nikamuuliza imepungua nini. Anasema kule kulikuwa na majani yanaelea. Sikupata majani ya mchuzi sokoni, niliungia bila. Wa Morogoro mnayapata wapi?

Upanga1
Usitumie makavu, ni kama karatasi. Shemeji yangu yuko Kihonda, mti wake umefunika ukuta na anaukata kila mwezi. Nicheki inbox.