"Tarn" kwa Kiswahili tuiteje? Bwawa limekataliwa, dimbwi pia

Mkalimani_Dunga

Wadau, hamjambo? Niko Kisumu, natafuta riziki kwa kutafsiri. Wiki hii nimepewa kijitabu cha wapanda Mlima Kenya, kurasa kumi na mbili. Mimi mwenyewe mlima mrefu niliowahi kufika ni Riat, tena kwa matatu.

Shida ni hii: kila ukurasa una tarn. Teleki Tarn, Hut Tarn, Two Tarn, Hall Tarns. Nimeangalia picha, ni maji kidogo yaliyotulia katikati ya mawe huko juu kabisa. Nikaandika "bwawa". Mteja akarudisha: "Nani alilijenga?" Nikaweka "dimbwi", akauliza kama wageni wanapanda siku nne kwenda kuruka madimbwi. Nikatunga "kiziwa", kidole kikateleza, kijitabu kikasoma "Kiziwi cha Teleki". Hapo akapiga simu.

Kazi inatakiwa Ijumaa. Nipeni neno.

Baba_Wairimu

Mteja wako hajakosea. Huku Nakuru ukitaja bwawa mtu anawaza ukuta na maji yaliyozuiwa, na tangu lile la Solai lipasuke usiku wa Mei 2018, wengine huwaza zaidi ya hapo. Najua wako wanaoita bwawa hata maji ya asili yaliyotuama, lakini msomaji wako ni wa leo.

kaka_mkubwa

Ziwa. Uzi ufungwe.

Mguu_Wa_Elgon

Usifungwe kwanza. Nimelala mara mbili kando ya Hall Tarns, njia ya Chogoria. Alfajiri ukingo wa maji umeganda kama kioo cha dirisha, na mpishi wetu alivunja barafu kwa tako la sufuria ndipo akachota ya chai. Chai yenyewe haikolei, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana. Jua likitoka barafu inalia kwa kupasuka, tik tik, halafu ikifika saa tatu unusu asubuhi haipo.

Dimbwi ni maji ya mvua, yapo leo, kesho kuna matope. Haya yamekaa kwenye bakuli la mwamba lililochimbwa na barafuto. Barafuto ni barafu nzito; iliteremka polepole maelfu ya miaka ikikwangua jiwe, ikasukuma kifusi mbele, ikayeyuka. Shimo likabaki na maji, kifusi kikawa kizingiti. Hiyo ndiyo tofauti unayotakiwa kuibeba.

Tena angalia: ukisogea hatua chache kutoka Hall Tarns unafika kwenye genge, na chini kabisa bondeni unaona Lake Michaelson. Nalo limechimbwa na barafu vilevile! Walioyapa majina walijiamulia tu: la chini wakaliita ziwa, ya juu wakayaita tarn. Wewe unahangaika kufuata kanuni ambayo wenyewe hawakuwa nayo.

Mwl_Jiografia

Mguu amesema vizuri. Niongeze kwamba tarn hata Kiingereza walilipokea. Lilikuja kaskazini mwa Uingereza na watu wa Skandinavia waliohamia huko, kwao ni tjörn. Eneo lile linaitwa Lake District, wilaya ya maziwa kabisa, lakini lenye neno "Lake" katika jina lake rasmi ni moja tu, Bassenthwaite Lake. Mengine ni Windermere, Ullswater, Derwentwater, na yale madogo ya juu ndiyo tarn. Ukivuka kwenda Uskoti, ziwa dogo ni lochan. Poland kuna moja mlimani linaitwa Morskie Oko, yaani jicho la bahari. Hilo nimelipenda kuliko yote.

Ndugu, kila watu wamesema walichokiona kwao.

Nyar_Kendu

Mwalimu asante. Sisi Wajaluo nam ni ziwa, na bahari pia ni nam, na hatujapotea njia. Kwetu kuna Simbi, karibu na Kendu Bay. Ni dogo, la mviringo, maji ya magadi, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Bibi yangu alisimulia kwamba palikuwa kijiji kilichomfukuza mwanamke mzee usiku wa sherehe, maji yakakifunika. Watu wa jiolojia wanasema ni volkano. Nani anaita hilo bwawa? Ni ziwa, udogo wake haujalishusha cheo.

Baba_Wairimu

Simbi ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, dada.

Mwl_Jiografia

Kreta kwa Kiswahili ni kasoko. Neno lipo.

Baba_Wairimu

Lipo kwenye kamusi, mwalimu. Kreta ya Menengai hapa Nakuru nimepanda tangu utotoni, sijasikia mtu akisema twende kasoko.

Mvuvi_Mstaafu

Naunga mkono Nyar Kendu. Kanyaboli kule Siaya ni kadogo ukilinganisha na Viktoria, limejitenga nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, lakini samaki ngege halisi aliyetuponyoka kwenye ziwa kubwa bado yupo mle. Ziwa ni ziwa.

Mkalimani_Dunga

Wakuu, mmenitoa shimoni. Nimeamua hivi: mara ya kwanza naandika "ziwa dogo la mlimani, lililochimbwa na barafuto", kisha "ziwa" mpaka mwisho. Sasa Hall Tarns nifanyeje? Nimeandika "Maziwa ya Hall" na mke wangu amesoma akauliza yanauzwa pakiti ya nusu lita au lita.

Mguu_Wa_Elgon

😂 Acha jina lilivyo kwenye ramani, Hall Tarns. Mtu akipotea kule juu na ukungu umeshuka, atatafuta kilichoandikwa kwenye ramani. Maelezo yako weka pembeni yake.

Nyar_Kendu

Au "maziwa madogo ya Hall Tarns". Ukiweka "madogo" hakuna atakayeleta kikombe.

Mkalimani_Dunga

Nachukua la Nyar Kendu. Nimetuma. Mteja amejibu, tarn zote amezipitisha. Sasa anauliza kwa nini nimeandika barafuto badala ya barafu, eti nimekosea tahajia.

kaka_mkubwa

Fungua uzi mwingine.