Waini za mapovu za Uingereza: tunaonja nne Jumamosi, naombeni mwongozo

Mleta mada:
Wakuu habari zenu, niko London na Jumamosi washkaji watano wanakuja kwangu, tumechanga hela tukanunua Nyetimber, Ridgeview, Gusbourne na Camel Valley. Mara ya mwisho tulionja hovyo, kila mtu anasoma lebo kwanza ndo anasifia, ile ya bei kubwa ikashinda kabla haijafunguliwa. Safari hii nataka tuonje kweli. Tuanzeje? Na mbona zina uchachu hivi?

Jibu 1:
Zivalishe soksi mpaka shingoni mkuu, zipe namba, na anayemimina asiseme kitu. Zitoe kwenye friji kama robo saa kabla maana baridi kali inaua harufu. Zile glasi nyembamba ndefu achana nazo, chukua za waini nyeupe pua iingie.

Jibu 2:
Kuhusu uchachu ngoja nikwambie, mi nimewahi kuvuna zabibu Sussex mwezi wa kumi, vidole vimeganda, nikatia punje moja ya zabibu aina ya Chardonnay mdomoni, utamu unakuja halafu taya zinakaza kama umeng'ata embe bichi na chumvi. Baridi inafanya zabibu ziive polepole, asidi inabaki, na kwa waini ya mapovu hicho ndo kitu kinachotafutwa. Hata Taittinger, watengeneza shampeni wa Champagne kule Ufaransa, walikuja kupanda mizabibu Kent, kusini mwa Uingereza, 2017. Ila Camel Valley iko Cornwall, kule ardhi si ya chaki kama milima ya Sussex, ni ya mawe ya sleti, kwahiyo msikilize kama mtaona tofauti. Na wekeni sambusa za moto mezani, mafuta na uchachu vinapatana sana aisee

Jibu 3:
Ongeza shampeni moja humo humo kwenye soksi bila kuwaambia. Na msimalize glasi haraka, rudieni baada ya nusu saa, ile harufu ya mkate inayotokana na waini kukaa na mashapo ya hamira ndani ya chupa huwa inachelewa kutoka.

Mleta mada:
Mrejesho wakuu, asanteni sana. Soksi zimefanya kazi, shampeni imeshika nafasi ya tatu na hakuna aliyeijua! Namba moja ni Gusbourne, ila mwanzoni wote tuliipita, ilipopata joto kidogo ndo ikaanza kunukia mkate wa kuchoma na ganda la limau, mtu aliyeiweka mwisho akaomba karatasi yake afute.