Uzi wa malalamiko: Episodi ya kwanza ya The Americans imewageuza majasusi wa kificho kuwa makomando

Wakuu salaam. Ambaye hajaangalia episodi ya kwanza ya The Americans aishie hapa, maana nitaianika yote mpaka mwisho wake.

Nina hasira, na si kwa sababu naichukia tamthilia hii. Ingekuwa kazi ya ovyo ningeifuta kwenye simu na kulala. Muundaji wake ni Joe Weisberg, mtu aliyewahi kufanya kazi CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mbegu yake ni kesi ya kweli, wale majasusi 10 wa Urusi waliokamatwa na FBI huko Marekani Juni 2010 na kubadilishwa kwa wafungwa 4 kule Vienna Julai 9. Hadithi imerudishwa nyuma hadi 1981, Reagan ndiyo kwanza ameingia Ikulu. Mume na mke wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, wanaishi kitongojini karibu na Washington, wana ofisi ya wakala wa safari na watoto wawili wasiojua lolote. Nyumbani ni Kiingereza mwanzo mwisho, hakuna neno la Kirusi, hata wakiwa wawili tu. Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Halafu nini? Wanamteka mtu barabarani, wanamfunga, wanamtia kwenye buti la gari, na gari linalazwa gereji ya nyumba ileile wanamolala watoto!

Hebu tuelewane kwanza hawa watu ni nani. Ofisa wa KGB aliyekaa ubalozini ana kinga ya kidiplomasia. Akinaswa, anafukuzwa nchini, basi. Hawa wa tamthilia ni wale ambao Warusi huwaita nelegaly: hawana ubalozi, hawana kinga, wanaishi kwa majina ya wenyeji. Kumtengeneza mmoja ni kazi ya miaka. Jack Barsky, ambaye kesi yake iko wazi, alikuwa Mjerumani Mashariki aliyeingia Marekani 1978 kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyefariki 1955 akiwa na miaka 10. Cheti hicho peke yake hakikufikishi popote. Lazima kizae kitambulisho, leseni, namba ya hifadhi ya jamii, kazi, anwani. Na mtu mzima anayeomba namba hiyo kwa mara ya kwanza lazima awe na jibu la kwa nini hakuwahi kuihitaji tangu utotoni. Kila karatasi inaegemea iliyotangulia, na ikidondoka moja zote zinafuata.

Sasa wachukue wawili wa aina hiyo, wamekaa zaidi ya miaka 15, wamezaa na kulea, uwatume wakapigane ngumi mtaani usiku. Jamani! Tone la damu, alama ya kidole, dereva mmoja aliyekariri namba ya gari, na kazi ya miaka yote hiyo imeisha. Na ndivyo inavyotokea humohumo kwenye episodi: mwenzao wa tatu anachomwa kisu, wanalazimika kumpeleka hospitali, anafia huko, nao wanachelewa meli iliyokuwa imchukue mateka. Umewakabidhi FBI maiti yenye alama za vidole, yenye uso wa kupigwa picha, halafu unataka niamini kwamba Moscow ilipanga hivyo?

Kinachoniuma zaidi ni huyo mateka mwenyewe, ofisa wa KGB aliyekimbilia kwa Wamarekani. Historia ina kisa kama hicho, katika jiji hilohilo, na kinashinda vurugu zote za buti. Vitaly Yurchenko wa KGB aliwakimbilia Wamarekani Agosti 1985. Novemba 2 mwaka huohuo alikuwa mezani na mlinzi wake wa CIA kwenye mgahawa mmoja Georgetown, mtaa wa Washington. Akainuka, akatoka, akaenda zake kwenye majengo ya ubalozi wa Kisovieti. Baada ya siku chache alikuwa kwenye ndege kurudi Moscow. Hakuna aliyemfunga kamba. Watu wanabishana mpaka leo kama alitumwa au alijuta. Mwandishi aliyetoka CIA anakijua kisa hiki kuliko mimi na wewe, kwa hiyo hakukosa taarifa. Aliamua kutupa mieleka.

Ile mbio ya miguu nayo imenichosha. Kumfuata mtu mjini kwa watu watatu kuna utaratibu wake. Wa kwanza yuko nyuma ya mlengwa, wa pili yuko nyuma ya wa kwanza, wa tatu anatembea upande wa pili wa barabara, sambamba. Mlengwa akikata kona, wa kwanza hakati naye, ananyoosha moja kwa moja kama mpita njia. Wa upande wa pili anavuka na kushika nafasi yake. Hivyo mlengwa akigeuka hakuti uso uleule. Nao hubadilisha koti, kofia, miwani, lakini viatu ni vigumu kubadilisha barabarani, ndiyo maana mtu anayejua kwamba anafuatwa hutazama viatu. Dakika mbili za namna hiyo zingenikausha mate kuliko ngumi zote zile. Tumepewa watu wanaotimua mbio nyuma ya mtu, muziki juu.

Na yule bwana mkubwa wa serikali anayemwaga siri kwa mwanamke mwenye wigi kwa jioni moja tu! Vijana wa Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, waliotumwa kwa makatibu muhtasi wa serikali ya Ujerumani Magharibi kule Bonn walikaa na wanawake wale miezi na miaka, wengine mpaka ndoa. Siri hutoka kwa mazoea.

Ngoja nimalizie na jirani. Ofisa wa FBI, kitengo cha kupambana na majasusi, anahamia mtaa huohuo. Sawa, bahati nasibu moja naimeza. Anashuku gari la jirani. Sawa. Kisha usiku, peke yake, bila kibali, anaingia gereji ya mtu na kufungua buti. Tangu 1914 Mahakama Kuu ya Marekani imezuia ushahidi wa namna hiyo kwenye kesi za serikali kuu. Na tangu 1978 kuna sheria mahususi ya upelelezi wa majasusi wa kigeni, FISA, yenye mahakama yake ya siri inayotoa vibali vya kunasa mawasiliano, ingawa upekuzi wa nyumba uliongezwa humo 1994 tu. Mtu wa kitengo kile mwaka 1981 anajua vizuri kwamba mambo haya yana taratibu zake. Na angeikuta maiti ya yule mateka mle ndani, kesi ingeanza kuvuja hapohapo.

*

Mchango wa 3

Mkuu, mengi nakubali ila hapa umeteleza. KGB ilikuwa na watu wa kuteka na kuua, na hawakuwa mbali na hawa nelegaly. Oleg Lyalin, ofisa wa KGB, alipowakimbilia Waingereza 1971 alifichua Idara V iliyoshughulikia hujuma, na Uingereza ikawafungia mlango Wasovieti 105. Baada ya hapo kazi hizo zilihamishiwa Idara ya 8, ndani ya Kurugenzi S, yaani kurugenzi ileile ya nelegaly. Na 1979 kule Kabul, jaribio la kumtilia sumu Hafizullah Amin, kiongozi wa Afghanistan, lilipitia kwa nelegal aliyewekwa jikoni kama mpishi. Kwa hiyo usiseme haiwezekani.

Mchango wa 4

Naongeza kwa upande wa mleta uzi. Mimi nimekasirishwa na redio, maana haipewi nafasi yake na ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Nelegal anasikiliza masafa mafupi kwa siku na saa maalumu, anaandika namba katika mafungu ya tano tano, kisha kwenye namba hizo anapunguza namba za daftari lake la siri la kufumbulia, bila kukopa kwa tarakimu ya jirani. Umepokea 41706, daftari lina 93285: nne ukitoa tisa haitoki, unaifanya 14, unapata 5. Moja ukitoa tatu, unaifanya 11, unapata 8. Ukimaliza fungu una 58521, unakwenda kulitafsiri kuwa herufi. Ukiruka tarakimu moja tu, kila kinachofuata ni takataka. Ukurasa unachomwa, hautumiki mara ya pili. Mzigo mzima unaweza kula saa nzima au zaidi, mlango umefungwa, mtoto anagonga anataka chakula. Hiyo ndiyo hofu niliyoitaka.

Mleta uzi

Wa 3, umenisahihisha kuhusu Idara ya 8, nakubali. Ila kisa chako cha Kabul kinanipa nguvu. Yule mpishi aliwekwa jikoni kwa ajili ya jikoni. Hawakumng'oa mtu mwenye nyumba, biashara na watoto shuleni wakamgeuza mpiga ngumi. Tazama Konon Molody, nelegal wa KGB, alivyoishi London: kazi ya mashine za muziki za baa, jina la Gordon Lonsdale, siri zinamfikia kutoka kituo cha jeshi la majini cha Portland, na redio imefichwa chini ya sakafu ya jikoni la rafiki zake wawili huko Ruislip. Walipokamatwa Januari 1961 majirani hawakuamini. Waliishi kama jirani yeyote.

Wa 4, asante, na hesabu yako ni sahihi.

Nitaangalia ya pili kwa sababu moja: yale mazungumzo ambapo mume anamwambia mkewe wajisalimishe, wachukue pesa na ulinzi wa Wamarekani, naye anamkatalia. Watu wawili chumbani, sauti ya chini, hakuna bunduki. Hapo waandishi walionyesha kwamba wanajua. Kama ya pili nayo inaanza na mtu kwenye buti, nitarudi hapa.