Mrejesho: Aikoni zangu za historia ya kompyuta

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza namna ya kuchora vifaa vya kompyuta za zamani visomeke hata kwenye aikoni ya pikseli 16 kwa 16, maana vyangu vilikuwa vinageuka madoa. Mkanishauri nibakize alama moja tu kwa kila kifaa. Imekubali, asanteni sana.

Iliyonitesa ni ENIAC, kompyuta ya 1946. Chumba kizima, mirija ya ombwe (vile vioo vinavyowaka vilivyofanya kazi ya swichi) karibu 18,000! Nimefuta chumba chote nikabakiza mrija mmoja: kichwa cha kioo, miguu mitatu chini, na pikseli moja ya rangi ya machungwa katikati. Hiyo pikseli ndiyo uhai wake. Ukiitoa unabaki na chupa.

Kadi ya matundu, ile ya kuingizia data, ilikuwa rahisi, kona yake iliyokatwa inatosha. Chipu ya Intel 4004 ya 1971 ina miguu 16, nane kila upande, lakini ilibanana ikawa kama kitana, nikaweka minne minne.

Bado nahangaika na diski ya floppy, ile ya zamani ya kuhifadhia mafaili. Kila ninayemwonyesha anadhani ni kitufe cha kuhifadhi.