Likizo ya siku 10: safari ipi inambadilisha mtu kweli?

Mkazi wa Igoma:
Wakuu, mwangaluka. Nina likizo ya siku 10. Sitaki kurudi na picha tu halafu mtu ni yule yule. Nafikiria kisiwa cha Ukerewe, Bukoba, nimalizie Musoma. Nipangeje?

Ngalawa:
Punguza, mkuu. Sehemu tatu kwa siku 10 utaishia stendi na bandarini. Baki na Ukerewe. Panda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, au pitia Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Siku mbili za mwanzo mgeni huwa bado analinganisha tu: bei, chakula, kitanda. Siku ya nne hivi upweke unabisha hodi, na wengi hapo ndipo wanapokata tiketi ya kurudi. Vumilia. Ukishakosa pa kujifichia, ndipo unapoanza kuwasikiliza wenyeji.

Mama Dagaa:
Tazama na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi taa haiwakusanyi vizuri, wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo fika mwezi wa angani ukiwa unafifia. Asubuhi nenda mwaloni, wavuvi wanakoteremshia dagaa, salimia, kaa, kisha omba kusaidia kuanika. Dagaa wanatandazwa wembamba, wasilaliane. Ukiwarundika, wa chini wanavunda kabla hawajakauka, na mvua ikiwakuta mzigo unaharibika. Akina mama watakurekebisha mara kumi, na ukubali: mtu mzima mwenye cheo chake kufundishwa upya kutumia mikono ni dawa kubwa, sijaona inayoizidi. Simu ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa.

Tabibu wa Pwani:
Usioge kwenye maji yaliyotulia yenye matete, kichocho kipo. Ukiingia, kapime wiki 6 hadi 8 baadaye. Ukiwahi sana mayai ya minyoo ya kichocho hayaonekani.
Halafu usirudi Jumapili jioni ukaingia kazini Jumatatu, kazi itafuta yote. Bakiza siku 2 nyumbani. Chagua badiliko moja dogo, mathalani kuamka kabla ya jua, ulianze hukohuko Ukerewe, ulibebe likiwa moto. Wanaorudi na orodha ya mambo kumi huacha yote.

Mkazi wa Igoma:
Bukoba na Musoma nimefuta. Mwaloni nivae nini?

Mama Dagaa:
Ndala, kofia pana, na nguo usiyoionea uchungu. Harufu haitoki kwa sabuni moja.