Naomba ushauri: kindi wangu yatima ameota meno vibaya

Habari zenu wakuu. Nina kindi niliyemlea tangu hajafumbua macho, mti wenye kiota chao ulikatwa. Sasa jino moja la mbele, la chini, limekwenda upande na kurefuka hadi linachoma ufizi wa juu. Anashika karanga, anaizungusha mikononi, kisha anaiangusha. Anaramba uji tu, na anakonda, inaniuma sana. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, kwa hiyo siwezi kusubiri. Jirani anasema nilikate kwa kikatia kucha. Naogopa lisije likapasuka hadi kwenye mzizi. Kuna daktari wa mifugo Morogoro au Dar anayepunguza meno ya wanyama wadogo kwa dawa ya usingizi? Na kwa sasa nimpe nini chenye kalisiamu?