Nguo za marehemu mama na kile kiduka cha kujitolea Mwanga, Kigoma, wanapokea nini na mbona wanauza?

Kitinda mimba Ujiji:
Mwakeye wakuu. Mama yangu katutoka miezi mitano iliyopita, arobaini tulishasoma, sasa kuna mabegi makubwa matatu ya shangazi kaja yamekaa chumbani kwake yamejaa madera, vitenge vya Kongo, mablauzi, viatu, na sufuria mbili kubwa alizokuwa anapikia shughuli. Dada akashauri tupeleke kile kiduka cha akina mama wa kujitolea hapa Mwanga. Jumamosi nikapita na begi moja kuulizia, nakuta dada mmoja anabandika vikaratasi vya bei, blauzi buku, gauni buku mbili. Nikasema ala, kumbe wanauza! Yaani nitoe bure kwa ajili ya mama yangu halafu wao wafanye biashara? Si bora nigawe mwenyewe mtaani. Halafu akafungua lile begi mbele za watu anakagua makwapa ya nguo kama yuko forodhani, mwishoni ananiambia mizigo inapokelewa Jumanne na Alhamisi tu nirudi nayo nyumbani. Nimeondoka roho inaniuma kusema kweli. Wenye uzoefu na pale niambieni, na je ukienda kununua wanapunguza au bei ndo hiyo hiyo?

Kibirizi mwisho wa reli:
Wanapunguza wapi, mimi niliomba koti la buku tatu nipewe kwa buku mbili yule bibi wa miwani akaniangalia tu. Ila pole kwa msiba mkuu.

Mimi nauza mtumba sokoni na hicho kiduka kinanikera, sifichi. Sisi tunafungua belo hujui ndani kuna nini, unaweza kukuta nusu ni nguo za baridi za Wazungu, nani avae joto hili la ziwani, labda umuuzie mtu wa Kasulu. Ushuru unalipa, kodi ya kibanda unalipa. Wao wanaletewa mzigo bure, umefuliwa na kunyooshwa, shati buku. Ushindani gani huo? Lakini naongea ukweli, na mimi huwa naingia pale asubuhi kabla watu hawajajaa nachukua mashati manne matano naenda kuyauza jero tatu tatu 😂 mpaka wameweka sheria mtu mmoja nguo tano.

Mama wawili Gungu:
Kumbe ni wewe wa mashati! Nimekujua, Alhamisi hupati kitu.

Kitinda mimba mwanangu pole sana, mama alale pema. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea pale, zamu yangu Alhamisi. Kwanza la kukagua nguo mbele za watu yule dada alikosea, tumeshasemeshana, ukaguzi unafanywa chumba cha nyuma. Ila kukagua lazima, na ngoja nikwambie kwa nini. Kuna mtu alituletea kiroba kizima usiku akakitupa mlangoni, mvua ikanyesha, asubuhi tunafungua ni nguo za mtoto zimeoza kwa mkojo na kiatu kimoja cha kushoto. Kazi ya kwenda kukitupa tuliifanya sisi na bodaboda tulimlipa sisi. Watu wengine wakitaka kusafisha nyumba wanatukumbuka.

Sasa hilo la kuuza. Mwanzo tulikuwa tunagawa bure kama unavyofikiria wewe. Siku ya kwanza tu walikuja vijana wenye nguvu wakasukuma mabibi, saa moja kila kitu kimeisha, na kesho yake nguo zilezile tumeziona zinauzwa barabarani. Tukakaa tukasema basi tuuze kwa bei ambayo mama wa kuuza mchicha anaweza, na hela iende kwa wagonjwa. Pale hospitali ya Maweni wanaletwa watu kutoka vijiji vya ziwani huko, Kalya, Buhingu, mtu anakuja kwa boti na ndugu mmoja, hela imeishia kwenye nauli, na unajua hospitali zetu chakula cha mgonjwa anapika ndugu. Hao ndo wanakunywa uji wa hilo gauni la buku mbili. Kodi ya chumba na luku vinatoka humohumo, daftari liko mezani mtu yeyote anasoma. Sisi hatulipwi, hata soda tunanunua.

Ukija Jumanne au Alhamisi saa nane hadi saa kumi jioni, nguo zioshwe na zikauke kabisa maana unyevu mdogo tu ukifungia kwenye begi yote inanuka uvundo, zipu na vifungo viwepo, viatu vifunge pea kwa kamba. Kagua mifuko! Tumeshakuta kadi ya NIDA, tumeshakuta elfu ishirini kwenye koti la marehemu na tukaanza kumtafuta mwenyewe mtaa mzima. Nguo za ndani zilizovaliwa hatupokei, TBS, wale wa shirika la viwango, walishapiga marufuku hata zile za belo. Zenye madoa madoa ya kijeshi pia hapana, hatutaki kesi. Sare za shule lete hata kumi, Januari tunagombaniwa. Sufuria za shughuli ndo usiseme, hizo hazilali dukani.

Na kuna jambo watu wanaogopa kuuliza. Wateja wengine wakisikia nguo ni ya marehemu hawavai. Hatutangazi, lakini mtu akiuliza hatumdanganyi.

Mrejea nyumbani:
Nilisoma Uingereza miaka miwili, kule haya maduka yapo kila mtaa. Oxfam, lile shirika la misaada, wana la kwao pale Broad Street, Oxford tangu miaka ya 1940. Wanaosimama kaunta wengi ni wazee waliostaafu wanajitolea, na hakuna anayeshangaa kuona kitu alichotoa kimebandikwa bei, tena ukijaza fomu kama wewe ni mlipa kodi serikali inawaongezea robo ya thamani juu. Mimi sahani zangu zote nilinunua humo na kanzu ya mahafali ningeipata ningenunua.

Lakini sikilizeni kichekesho. Zile zisizouzika wanawauzia wafanyabiashara kwa kilo, zinafungwa belo zinapanda meli. Kwa hiyo Kibirizi unawalalamikia akina mama wa Mwanga kuletewa bure wakati belo lako mwenyewe inawezekana kabisa lilianzia kwa bibi fulani alitoa bure kama Kitinda mimba 😅

Kibirizi mwisho wa reli:
Bure yake hainifikii mimi. Mimi belo nalinunua kwa hela.

Babu wa Buzebazeba:
Vijana naona mmeruka kitu. Kitinda mimba, umesema dada kashauri. Ndugu zako wengine je? Vitu vya marehemu ni mirathi, hata kanga. Kwanza madeni yake yalipwe, kama aliacha wasia utekelezwe usizidi theluthi, kinachobaki ni cha warithi. Wakiridhia wote ndo mtoe sadaka kwa niaba yake, na thawabu inamfikia. Nimeona nyumba imegawanyika Ujiji kwa ajili ya sanduku la vitenge, kaka karudi toka Dar anaulizia kitenge cha mama yake anaambiwa kiko sokoni. Piga simu kwanza.

Kitinda mimba Ujiji:
Shikamoo babu. Umeniokoa, maana nilipiga simu jana usiku na kweli, kaka yetu wa Tabora hakuwa na habari kabisa na alikuwa anataka ile sufuria kubwa, kasema mke wake ndo alikuwa anasaidia kuisugua kila shughuli ikiisha. Tumekubaliana inaenda Tabora kwa treni, moja inaenda dukani. Dada kachukua vitenge viwili, mimi nimebaki na kanga moja ambayo bado ina harufu yake, hiyo sifui.

Leo Alhamisi nimepeleka mabegi mawili na mama wa Gungu kanipokea vizuri, kanikalisha nyuma kanipa na maji. Kwenye mfuko wa sweta tumekuta risiti ya luku na pipi ya kifua. Nimeenda kutoa mzigo nimetoka na kaptula mbili za shule za mwanangu, buku jero, na sikuomba kupunguziwa.

Mama wawili Gungu:
Lile dera la zambarau halikufika hata kwenye enga, kalichukua bibi mmoja wa Katonga, kalivaa palepale juu ya nguo zake akaondoka nalo. Kibirizi nimekuona umechungulia mlangoni.

Kibirizi mwisho wa reli:
Nilikuwa napita tu.